Bawabu getini, draiva chumbani

Msomaji mmoja ameniuliza hivi, nami nafupisha: "Kompyuta yangu ya mezani ina Windows, na pembeni nimeweka Linux. Kadi ya michoro ni GTX 970, intaneti naipata kwa kidude cha Wi-Fi cha USB chenye chipu ya RTL8822BU. Rafiki yangu kanishauri niachane na draiva za watengenezaji kwa sababu zinapeleleza, nitumie zile huria, zenye msimbo ulio wazi, zinazoandikwa na jamii, kisha niweke faiawoli ya kuzuia programu zisitoe taarifa zangu nje. Kule Linux nimepakua draiva ya Wi-Fi ya jamii, na kwenye Windows nimeweka faiawoli. Siku ya kwanza iliniuliza maswali hadi nikachoka, nikawa nabonyeza 'ruhusu' ili kazi iende. Je, nimejilinda au nimejisumbua? Na kama kila mtu anaweza kuandika msimbo wa hizo draiva, usalama wake uko wapi?"

Ndugu msomaji, kwa faiawoli uliyoijibu "ruhusu" kila ilipouliza, umejisumbua. Hilo linarekebishika, nitakueleza mbele. Suala la draiva ndilo linalotaka maelezo marefu, maana rafiki yako ametia kwenye kapu moja vitu viwili visivyokaa ghorofa moja.

Faiawoli ya aina hiyo ni bawabu. Amekaa getini, na kila programu inayotaka kutoka anaiuliza inakwenda wapi. Draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuendesha kifaa, ni fundi uliyemkabidhi funguo za nyumba nzima. Draiva za kadi ya michoro, sauti, Wi-Fi na diski kwa sehemu kubwa hukaa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, na huko ndani hakuna kupigiana hodi. Kilichomo kinaweza kusoma kumbukumbu ya programu yoyote na kuandika kinapotaka, na kikikosea kinaiangusha mashine yote. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 ziliishia kwenye skrini ya bluu kwa sababu draiva moja ya usalama, ya CrowdStrike, ilisoma faili la sasisho lenye kasoro. Hapakuwa na mdukuzi. Naye bawabu hana macho yake mwenyewe: kerneli ndiyo inayomwambia nani anapita, kwa hiyo aliyeko kwenye kerneli akitaka kumficha jambo, atamficha.

Hofu ya rafiki yako basi ina msingi. Mfano ninaoupenda kuutoa ni wa Mei 2017, pale kampuni ya usalama ya modzero ya Uswisi ilipochunguza draiva ya sauti ya Conexant iliyokuwa ikija na baadhi ya kompyuta za HP. Ndani ya kifurushi mlikuwa na programu ndogo, MicTray64.exe, ambayo kazi yake halali ilikuwa kutambua kwamba mtumiaji amebonyeza kitufe cha kuzima maikrofoni. Ili kukisikia kitufe hicho kimoja, ilisikiliza vitufe vyote. Halafu msimbo wa majaribio ukaachwa ndani, na kila ulichogonga kwenye kibodi, nywila zikiwemo, kikawa kinaandikwa kwenye faili C:\Users\Public\MicTray.log, mahali ambapo yeyote mwenye akaunti kwenye mashine hiyo angeweza kupafungua. HP ilitoa marekebisho. Sasa jiulize faiawoli yako ingefanya nini siku zile. Ingekaa kimya, kwa sababu hakuna taarifa hata moja iliyotoka kwenda mtandaoni. Kikulacho ki nguoni mwako, na bawabu hakagui nguo.

Dawa ya rafiki yako ndiyo yenye walakini, hasa upande wa Windows. Tangu Vista ya biti 64, Windows haipakii draiva ya kerneli isiyo na sahihi ya kidijitali, yaani muhuri unaothibitisha imetoka kwa nani, na kuanzia toleo 1607 la Windows 10, la mwaka 2016, mashine yenye Secure Boot, kinga inayokagua sahihi kompyuta inapowaka, hudai draiva mpya iwe imepitia kwa Microsoft na kupigwa sahihi huko. Kwa watu wanaojitolea usiku baada ya kazi, mlolongo huo ni mzito, ndiyo maana draiva huria za Windows ni za kuhesabu. Wengi wanaodhani wanazitumia, kwa kweli wanatumia programu huria ya kusakinishia draiva, kama Snappy Driver Installer Origin. Chombo ni kizuri, na kwa fundi anayefufua mashine isiyo na intaneti ni mkombozi. Lakini kapu ndilo lililo huria, samaki ni walewale: draiva zilizomo ni za watengenezaji, zimefungwa kama zilivyokuwa. Faragha yako haijasogea hata hatua moja.

Na kuna upande wa pili ambao mashabiki wa programu huria, nami nikiwemo, hatupendi kuutaja. WinRing0 ni draiva huria ya Windows iliyobebwa kwa miaka na programu nyingi za jamii za kupima joto la prosesa, kuendesha feni na kuwasha taa za rangi. Msimbo wake uko wazi, unasomeka. Tatizo ni kwamba ilimfungulia mlango wa kerneli karibu yeyote aliyebisha, na udhaifu huo ukasajiliwa kwa namba CVE-2020-14979. Ulikaa hivyo hadi Machi 2025, Microsoft Defender ilipoanza kuikamata, na watu wakashangaa feni zao hazitii amri. Wezi nao wana mchezo wao unaofanana na huo: wanakuja na draiva halali yenye sahihi halali lakini yenye tundu, wanaisakinisha wenyewe, kisha wanapita humo. Kwa hiyo ukiona kwenye Windows maelekezo ya kuwasha hali ya majaribio ili draiva isiyo na sahihi ikubali, acha. Hutaki kulegeza komeo la nyumba kwa ajili ya taa za kibodi.

Linux ni habari nyingine kabisa. Huko draiva ya jamii ndiyo kawaida. Inakuja ndani ya kerneli yenyewe na wewe hupakui chochote. Mwenye kadi ya AMD, kwa mfano, anatumia amdgpu, iliyoingia kwenye kerneli 4.2 mwaka 2015, na wala hahitaji kujua jina lake. Kwako wewe mwenye GTX 970 hali si nyepesi hivyo.

Draiva ya jamii kwa kadi za Nvidia inaitwa nouveau. Walioianzisha hawakuwa na nyaraka za kampuni. Walichungulia jinsi kadi inavyozungumza na draiva rasmi, wakaandika yao kwa kukisia na kujaribu, hadi ikapokelewa kwenye kerneli 2.6.33 mwaka 2010. Ni kazi ya kuvuliwa kofia. Ila kuanzia kizazi cha kadi yako, kilichotoka 2014, Nvidia iliamua kadi isikubali fimuweya, yaani programu inayoendeshwa ndani ya kadi yenyewe, isiyo na sahihi yake, ikiwemo ile inayosimamia umeme na kasi. Matokeo yake nouveau inaweza kukupa picha safi, madirisha yakafunguka, video ikacheza, lakini haiwezi kuipandisha kadi kutoka kwenye kasi ndogo inayoamka nayo. Ni kama gari lililokwama gia ya kwanza. Kadi za 2018 na kuendelea zimepata afueni: Mei 2022 Nvidia ilifungua msimbo wa sehemu ya kerneli ya draiva yake, na kerneli 6.7 ya Januari 2024 ikaiwezesha nouveau kutumia fimuweya ya kampuni kwenye kadi hizo. Ya kwako haimo.

Kwa hiyo kama Linux unaitumia kwa maandishi, barua pepe na kivinjari, baki na nouveau kwa amani. Kama unacheza michezo au unahariri video, weka draiva ya Nvidia iliyofungwa, na uichukue kwenye hazina ya mfumo wako, yaani ghala rasmi la programu zake, usiipakue kwenye tovuti. Jua pia kwamba tawi la 580, yaani mfululizo wa matoleo ya draiva yanayoanza na namba hiyo, ndilo la mwisho linalohudumia kizazi cha kadi yako. Hapo ndipo draiva ya jamii inapopata maana yake kamili, pengine kuliko hata kwenye hoja ya upelelezi: mtengenezaji akishaipa kisogo kadi yako, nouveau itakuwa bado imo kwenye kerneli.

Kuhusu "kila mtu anaweza kuandika": kila mtu anaweza kupendekeza. Kiraka cha draiva kwenye kerneli, yaani badiliko la msimbo linalopendekezwa, hutumwa hadharani, msimamizi wa sehemu hiyo hukisoma, mara nyingi hukirudisha kwa maneno yasiyo matamu, kisha kikikubaliwa hupanda kwa msimamizi wa juu yake. Kumpenyeza mtu hapo kunawezekana lakini kunadai subira. Mtu aliyejiita Jia Tan alitumia zaidi ya miaka miwili kujijengea imani kwenye mradi mdogo wa xz, unaotumika kubana mafaili, akaishia, mwaka 2024, kutia mlango wa siri kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyemnasa ni Andres Freund, mhandisi aliyeona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida, akakataa kulipuuza. Watu husimulia kisa hicho kama ushindi wa msimbo ulio wazi, na ni kweli, lakini wanaruka jambo moja: kiungo muhimu cha mtego kiliwekwa kwenye kifurushi cha toleo, hakikuwemo kwenye hazina ya msimbo ambayo watu walikuwa wakiisoma. Msimbo unaosomeka ni kitu kimoja, faili unalosakinisha ni kingine.

Ndiyo sababu nauliza zaidi njia ambayo draiva imepitia kukufikia kuliko leseni yake. Iliyokuja na kerneli au hazina ya mfumo ina macho mengi na sahihi. Iliyotoka kwenye ukurasa wa mradi wa mtu mmoja inaweza kuwa safi kabisa, ila hapo mkaguzi ni wewe. Angalau linganisha alama ya SHA-256 ya faili na iliyotangazwa na mradi: sha256sum kwa Linux, Get-FileHash kwenye PowerShell ya Windows. Alama zikifanana zinakuhakikishia faili halikubadilishwa njiani, hazikuhakikishii kwamba mwandishi wake ni mtu mwema.

Turudi getini. Windows ina faiawoli yake, na tangu XP SP2 ya mwaka 2004 inawashwa bila kuombwa. Kwa mazoea yake inazuia wanaoingia na kuwaachia wanaotoka. Pengo hilo la wanaotoka ndilo linalozibwa na simplewall, TinyWall, Fort Firewall na Portmaster, zote huria. Watu huzichagua kwa uzuri wa madirisha yake, nami ningekuambia tazama kitu kingine. Simplewall na TinyWall huandika kanuni zao kwenye Windows Filtering Platform, mtambo wa kuchuja uliokuja na Vista, bila kuleta draiva. Fort na Portmaster huleta draiva yao ya kerneli. Umeuona mzunguko? Unakimbia draiva usiyoiamini, unaweka faiawoli, nayo inaingia na draiva. Sisemi ni vibaya. Portmaster, kwa mfano, kwa kukaa karibu na kerneli inaweza kuyachukua maswali ya DNS, huduma ya kutafsiri majina ya tovuti kuwa namba, na kukuonyesha jina la tovuti badala ya namba tupu. Nasema tu uingie ukijua unampa nani funguo. Kwa mtu aliyechoshwa na maswali kama wewe ningependekeza TinyWall, ambayo kwa makusudi haitoi vidirisha kabisa: inazuia, kisha wewe unaiambia programu gani unaitaka.

Maana maswali ndiyo yanayoua faiawoli hizi. Chukua lile la svchost.exe, ambalo bila shaka umeliona. Kidirisha kinatokea: svchost.exe inataka kwenda anwani fulani, poti 443, ruhusu au zuia? Hakuna binadamu anayeweza kulijibu vizuri, kwa sababu svchost ni daladala. Ndani yake wamepanda masasisho ya Windows, huduma ya kutafsiri majina ya tovuti, ya kuomba anwani ya mtandao, ya saa, na pia ya kupeleka taarifa za matumizi yako. Ukiruhusu, umemruhusu hadi yule usiyemtaka. Ukizuia, unashusha abiria wote. Niliwahi kuizuia nikiwa na hasira baada ya vidirisha vya asubuhi nzima, na papo hapo kurasa zote zikagoma kufunguka, kwa kuwa maswali ya DNS nayo yalikuwa yamepanda humo. Nilipoteza saa nzima nikichomoa na kuchomeka waya wa ruta, nikilaumu kila kitu isipokuwa kidole changu. Ukikutana nayo, tumia kanuni za mfumo zilizotayarishwa na faiawoli yenyewe; zinatenganisha huduma hizo kuliko utakavyoweza wewe kwa kubahatisha.

Kwa hiyo futa kanuni zote ulizokwisha kubonyeza, zisibaki hata moja. Kisha, kama faiawoli yako ina hali ya kutazama bila kuzuia, iache humo wiki moja, ufanye kazi zako kama kawaida, mwishoni usome orodha. Utashangaa jinsi ilivyo fupi: kivinjari, programu ya barua, masasisho, kinga ya virusi, na kundi la vijiprogramu vilivyokuja na printa, kipanya au kadi ya michoro vinavyopiga simu nyumbani kila kompyuta inapowaka. Kundi hilo la mwisho ndilo la kuzuia kwanza. Mara nyingi hakuna kitakachoharibika, na ukizuia sehemu hiyo draiva yenyewe inaendelea na kazi. Nyingi ya taarifa ambazo watu huzilaumu draiva kwa kuzitoa hutolewa na vijiprogramu hivi vya pembeni, kwa hiyo dawa bora ni kutovisakinisha kabisa pale kisakinishi kinapokupa nafasi ya kuchagua. Masasisho ya usalama usiyaguse. Ukiwa na shaka, chagua kuruhusu mara moja tu. Tena zuia kwa programu, usizuie kwa anwani, maana anwani moja ya seva za kusambazia maudhui huhudumia tovuti chungu nzima na utajikuta umefunga usichokikusudia. Na siku ukiamua kuiondoa simplewall, zima vichujio vyake kwanza, kwa sababu vile vya kudumu hubaki ndani ya Windows hata mwenyewe akishaondoka.

Hata ukifanya yote hayo, usimdai bawabu asichokiweza. Programu yenye haki za msimamizi inaweza kufuta kanuni zako. Nyingine inaweza kukifungua kivinjari ulichokiruhusu na kukipa anwani yenye taarifa zako ndani yake. Hata mwenye nyumba anaweza kuchimba njia ya chini: macOS Big Sur ilipotoka Novemba 2020, ilikuwa na orodha ya programu za Apple ambazo faiawoli za watu wengine hazikuruhusiwa hata kuziona. Patrick Wardle, mwandishi wa faiawoli huria ya LuLu, akaonyesha jinsi programu mbaya inavyoweza kujificha nyuma ya hizo, na kufikia toleo 11.2, mwanzoni mwa 2021, orodha ikaondolewa.

Kwenye Linux chaguo langu ni OpenSnitch, iliyoanzishwa 2017 na Simone Margaritelli kwa kuiga wazo la Little Snitch, faiawoli ya macOS. Inategemea netfilter, mtambo wa kuchuja wa Linux, ambayo imo kwenye kerneli tangu 2.4 ya mwaka 2001. Inauliza maswali kama ile ya Windows, ila majibu ni rahisi zaidi kwa sababu huduma nyingi huku zina majina yake, hazijabanana kwenye daladala moja.

Limebaki lile la Wi-Fi, na hili lifanye leo. Kidude kama chako kiliwahi kunitia adabu. Nilijenga draiva ya jamii kwa mkono, ikafanya kazi miezi miwili, kisha sasisho la kerneli likaja usiku, na asubuhi sina Wi-Fi. Draiva ilihitaji kujengwa upya kwa kerneli mpya, na vifaa vya kuijengea vilikuwa kwenye intaneti. DKMS ipo kwa ajili hiyo, huijenga draiva yenyewe kila kerneli inapobadilika. Kama Secure Boot imewashwa utakutana pia na skrini ya bluu ya kusajili ufunguo, inayokaa sekunde chache tu na kupita. Ukichelewa kubonyeza, kerneli itaikataa draiva yako bila maelezo mengi. Lakini huenda huhitaji lolote kati ya hayo. Chipu ya RTL8822BU ilipata draiva ndani ya kerneli yenyewe kuanzia 6.2, ya mwaka 2023. Andika uname -r uone namba ya kerneli yako, kisha lsusb -t uone draiva inayotumika. Jina likianza na rtw, ni ya kerneli. Likiwa rtl88x2bu, ni ile uliyoipakua, na kama kerneli yako ni 6.2 au zaidi, iondoe kwa hati ya kuondolea iliyokuja nayo, washa upya kompyuta, uone kama Wi-Fi inajitokeza yenyewe. Weka simu yenye data karibu wakati unafanya hivyo.